Dawa Zimekwisha, Ulinzi Haujakwisha

Desturi yetu sisi watu wa mto ni njema. Mtu akiugua, jamaa hukaa naye. Akipona, jamaa huja kumfurahia. Huja na ndizi, huja na samaki, huja na watoto wao. Humshika mikono, humpapasa kichwa, hula naye katika sahani moja. Asiyefika huhesabiwa kuwa mtu mwenye kinyongo. Desturi hiyo imetulea sote, wala mimi sina neno la kuitukana. Lakini uko ugonjwa ambao mwisho wa dawa zake si mwisho wa hatari, na mtoto aliyeuugua aweza kudhuriwa na furaha ya wale wale wampendao. Jambo hili nimefundishwa nyumbani mwangu mwenyewe, nami naona ni haki niwaandikie wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi pia, maana mna sehemu yenu katika kazi hii.

Mwana wetu wa tatu ni mvulana wa miaka saba. Mwaka jana taya lake la kushoto lilianza kuvimba, na meno ya upande ule yakalegea. Wengine walisema ni jino bovu; wengine walinong'ona habari za uchawi, kama ilivyo kwetu kila jambo linapotupita akili. Muuguzi wa kituo cha afya alimtazama kinywani, akaniambia: “Mwalimu, usimpeleke kwa mng'oa meno. Mpeleke Kisangani juma hili hili.” Huko walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakitazama kwa darubini, wakatuambia jina lake: limfoma ya Burkitt. Ni aina mojawapo ya saratani, ndiyo ile watu wa kwetu waiitayo kanseri.

Burkitt ni jina la mtu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote; kisha akaona mwingine wa namna ile ile, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walisafiri kwa gari kuukuu yapata kilomita 16,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Wakatambua kwamba ugonjwa hukaa katika nchi za joto na mvua nyingi, ndizo nchi za mbu na malaria. Mwaka 1964 wataalamu watatu wa London, Epstein, Achong na Barr, waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo yajulikana kwamba virusi hivyo, pamoja na malaria ya mara kwa mara, ndivyo vinavyoutengenezea ugonjwa njia. Basi si uchawi, wala si kosa la mama ye yote.

Tena ni ugonjwa unaosikia dawa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye saratani hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo haitoki katika damu ya watoto wetu. Yatoka katika kuchelewa kufika hospitali, katika kukosa dawa, katika kuziacha dawa njiani. Na tena, ndilo neno langu la leo, katika maambukizo yanayomkuta mtoto akiwa hana kinga.

Nieleze kidogo jinsi mambo hayo yalivyo, kama nilivyoelezwa na daktari. Chembe za saratani huzaana upesi kuliko chembe nyingi za mwili, na dawa hizi huziua chembe zinazozaana upesi. Lakini dawa haina macho ya kuchagua. Nywele nazo huota upesi, kwa hiyo hunyonyoka. Ngozi laini ya kinywani nayo hujitengeneza upesi, kwa hiyo huchubuka na kufanya vidonda. Na ute ulio ndani ya mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu, nao hupigwa. Kiwanda kikipigwa, chembe nyeupe za damu hupungua, nazo ndizo askari wanaopigana na vijidudu vya magonjwa. Hazipungui siku ile ile ya dawa. Hupungua zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, wakati mtoto ameanza kucheka na kuomba chakula, na wageni wameanza kusema, “Mtoto amepona.”

Liko jambo jingine lililonishangaza. Sisi huutambua ubaya wa kidonda kwa usaha wake. Kumbe usaha hufanywa hasa na askari hao hao waliokufa vitani. Mtoto asiye na askari aweza kuwa na kidonda kisicho na usaha wala uvimbe, na huku vijidudu vinaingia katika damu. Alama iliyobaki mara nyingi ni moja tu, yaani homa. Ndiyo sababu tulipewa kipima joto na amri fupi: kikifika nyuzi 38, mleteni mtoto saa ile ile, iwe mchana, iwe usiku. Msimpe kwanza paracetamol ya kushusha homa, maana itaificha alama. Msingoje asubuhi. Msiseme ni malaria tu; hata malaria ikionekana katika damu, yaweza kuwa haiko peke yake.

Dozi yake ya mwisho ilianguka wakati wa likizo kubwa ya shule, nami nilikuwa pamoja nao katika chumba tulichopanga Mangobo. Jamaa za Ubundu walituma habari kila siku: “Dawa zimekwisha, mrudisheni mtoto tumwone.” Fedha nazo zilikuwa zimekwisha. Mke wangu aliniuliza: “Baba, tutakula nini hapa majuma matatu mengine?” Swali lake lilikuwa la haki. Lakini tulipopima safari tuliona hivi. Ubundu, ambao wazee waliuita Ponthierville, uko juu ya maporomoko ya Boyoma, na reli iliyojengwa tangu 1903 hata 1906 ili kuyapita maporomoko hayo ina urefu wa kilomita 125. Treni haipiti kila siku. Njia ya pikipiki ni matope wakati wa mvua. Na ukifika Lubunga, ng'ambo ya kushoto, bado una mto wa kuvuka kwa mtumbwi. Basi tukauza baiskeli yangu, tukangoja.

Siku ya kumi baada ya dozi, karibu na usiku wa manane, mama yake alimgusa shingo, akaniamsha. Kipima joto kilionyesha 38 na nusu. Mtoto hakulia, wala hakukohoa, wala hakuwa na jeraha lo lote tuliloliona. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Walimtoa damu, wakamtundikia maji yenye antibiotiki kabla ya saa moja kupita, ndipo wakangoja majibu. Chembe nyeupe zile za mbele vitani, ambazo kwa kawaida huwa 1,500 au zaidi katika milimita ya mchemraba moja ya damu, hazikufika 200. Daktari alituambia baadaye bila kupamba maneno: kwa mtoto wa hali ile homa ya usiku mmoja isiyotibiwa yatosha kumwua. Homa ilishuka siku ya tatu. Tangu saa ile sikuhesabu tena bei ya baiskeli.

Tulirudi Ubundu askari wa damu walipoongezeka. Hata hivyo daktari alituonya kwamba hesabu njema katika karatasi haimaanishi kinga yote imerudi. Mwili huhitaji miezi kadhaa kujifunza tena kazi yake. Miezi hiyo ndiyo inayopita nyumbani, mbali na daktari, mikononi mwetu wazazi.

Mtihani wa kwanza ulikuwa mama mkwe wangu. Alikuja na kapu lake la majani, na bomba la mpira la kumsafishia mtoto tumbo kwa nyuma, “ili sumu ya hospitali itoke.” Wengi wetu tulilelewa kwa bomba hilo. Lakini kwa mtoto wa hali hii limekatazwa kabisa, na dawa nyingine yo yote ya kutiwa kwa nyuma imekatazwa vile vile, maana ngozi ya ndani ni laini, ikichubuka kidogo tu vijidudu hupita katika damu. Nami siwezi kusimama mbele ya mama mkwe na kumwambia, “Hapana.” Kwetu mkwe hasemezwi hivyo. Nilikwenda kwa kaka yake, nikamweleza yote pole pole, nikamwomba anisemee.

Mzee yule alikuwa na hekima. Hakumwambia dada yake kwamba majani yake ni mabaya. Alimwambia: “Mtoto hana askari. Sisi tumekuchagua wewe uwe askari wake. Kazi yako ni mlango na maji.” Basi koko alishika kazi. Yeye ndiye aliyechemsha maji ya kunywa, akayafunika. Yeye ndiye aliyeweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni, wala hakuna aliyepita bila kunawa, hata mimi, hata mwenyekiti wa mtaa. Siku moja nilimsikia akimwambia mwanamke aliyekuja na kikohozi: “Dada, salamu zako nimezipokea hapa hapa. Ukipona uje, tutakaa mpaka jioni.” Mwanamke yule hakukasirika, alicheka, akaacha ndizi zake chini ya mwembe, akaenda zake.

Mambo mengine ya nyumbani ni madogo, lakini nguvu yake ni katika kuyafanya kila siku. Mtoto hula chakula kilichopikwa siku ile, kikiwa cha moto: lituma, sombe, samaki aliyeiva hata mifupani. Chakula cha jana hapewi. Tunda hulimenya mtu aliyenawa mikono. Ana sahani yake na kikombe chake. Husukutua kinywa kwa maji ya chumvi baada ya kula, na mswaki wake ni laini. Hulala chini ya chandarua kila usiku. Huvaa viatu hata uani, kwa sababu ya minyoo inayoingia kwa nyayo. Haogi mtoni. Hakai karibu na kibanda cha kuku kinapofagiliwa, wala hashiki nyama mbichi ya porini. Akijikata, hata kidogo, twaosha kwa maji safi na sabuni, na joto lake hupimwa asubuhi na jioni. Wala hapigwi sindano na mtu apitaye na mkoba.

Jumapili nazo zilikuwa na shida yake. Mtoto alitamani Misa, na kanisa letu hujaa hata milangoni. Majuma ya kwanza tulikaa nje, karibu na dirisha, mahali penye hewa. Wakati wa kupeana amani aliinamisha kichwa, na watu wakamwinamia. Hawakuona ajabu, kwa kuwa mwaka 2020, wakati wa korona, sote tulifanya hivyo. Padri wa parokia alisaidia kwa tangazo fupi: mwenye kukohoa au mwenye homa aiamkie familia ile kwa mbali, na asidhani amedharauliwa.

Lakini mtoto ni mtoto. Jioni moja alikuwa amekaa kizingitini akiwatazama wenzake wakicheza mpira wa matambara. Akaniuliza: “Baba, mimi ni mchafu?” Nilimwuliza kwa nini asema hivyo. Akasema: “Kwa sababu kila mtu ananawa akija kwangu.” Nilikaa kando yake. Nilimwambia: “Mtu hunawa kabla ya kula chakula chake, au baada ya kushika taka?” Akasema: “Yote mawili.” Nikamwambia: “Basi kwako wananawa kabla. Uchafu uko mikononi mwao, si mwako.” Alifikiri kidogo, kisha akamwita mwenzake mmoja, akamwonyesha ndoo. Wawili hao walicheza kete uani hata giza likaingia. Nimeona tangu hapo kwamba kumfungia mtoto ndani si ulinzi mwema. Rafiki mmoja au wawili wenye afya, nje penye hewa, ni afadhali kuliko upweke, maana upweke nao humdhoofisha mtoto.

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni surua. Dawa za saratani humdhoofishia mtoto hata kinga aliyoipata kwa chanjo za utotoni. Na chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu mwenye kinga nzima havimdhuru, lakini mtoto wetu hawezi kupewa mpaka mwili wake urudie nguvu. Daktari ametuambia tungoje miezi sita tangu dozi ya mwisho. Miezi sita hiyo surua ikimkuta, itamkuta bila ngao. Nayo haina haja ya kumgusa mtu. Hukaa hewani ndani ya chumba hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele kutokea. Katika watu kumi wasio na kinga waliokaa na mgonjwa, tisa huugua. Nchi yetu yaijua vizuri: tangu mwanzo wa 2019 hata mwanzo wa 2020 watu zaidi ya 310,000 walidhaniwa kuwa na surua katika Kongo, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo.

Mwezi wa pili baada ya kurudi kwetu, uvumi wa surua ulifika kutoka kijiji cha jirani. Mtoto alikuwa ameanza kurudi shuleni, akikaa kwenye dawati la dirishani, naye alikuwa na furaha isiyo na kifani. Nilimrudisha nyumbani siku ile ile. Alilia sana, na mimi moyo uliniuma, kwa sababu mwalimu anayemtoa mtoto wake mwenyewe shuleni hujiona kama mkulima anayeng'oa mche wake. Kisha nikawaambia wanafunzi wangu walete karatasi zao za kilo, zile za chanjo. Zilikuja chache kuliko nilivyotumaini. Baadhi ya wazazi walizipoteza. Baadhi hawakufika kituoni, kwa kuwa njia ni ndefu na siku ile kulikuwa na kazi ya shamba. Baadhi waliogopa maneno ya watu.

Sikuwahubiri. Niliwaeleza habari ya mwanangu kama nilivyowaeleza ninyi. Niliwaambia: chanjo ya mtoto wako humkinga mtoto wako kwanza, lakini surua isipopata nyumba kwako, haiwezi kutembea mpaka kwangu. Mtoto mwenye chanjo ni kama mti mbichi katika njia ya moto. Timu ya chanjo ilipofika, baba mmoja mvuvi, Mgenya asiyesema maneno mengi, alileta watoto wake wanne kwa mtumbwi tangu alfajiri. Aliponiona alisema tu: “Mwalimu, hawa wanne wameshaingia zamu.” Surua haikufika mtaani kwetu, na baada ya majuma kadhaa mtoto alirudi dawatini kwake.

Ndugu zangu, labda katika parokia yako hakuna mtoto wa namna hii leo. Kesho aweza kuwako. Naye si mgonjwa wa saratani peke yake anayehitaji ulinzi huu: yuko mtoto mchanga asiyefikia miezi tisa ya chanjo ya surua, yuko mwenye utapiamlo, yuko mwenye UKIMWI, yuko mzee aliyechoka mwili. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Wazazi, mkiona taya la mtoto limevimba au jicho limetokeza, msipoteze majuma kwa maneno. Nendeni hospitali, na dawa zikianza, zimalizeni. Wageni, leteni ndizi zenu na furaha yenu, lakini nawieni mlangoni, na mwenye homa au kikohozi atume salamu. Ninyi wanafunzi, ulizeni nyumbani leo jioni karatasi yenu ya chanjo iko wapi; na kama haiko, mwambieni mama awapeleke siku timu itakapopita.

Mwanangu amebakiza miezi miwili kabla ya kuchanjwa upya. Nywele zake zimeota, nyeusi na laini kuliko za kwanza, na koko bado anakaa mlangoni na ndoo yake. Tutaendelea kupima joto asubuhi na jioni mpaka siku ile.